Sijawahi kuchapishwa popote: nianzeje kuandika kwa malipo?

Swali: "Nimefanya kazi ya kutunza stoo ya dawa kwa miaka saba. Napenda kuandika, na ningependa kujipatia kipato kwa kuandikia magazeti, majarida na tovuti nikiwa mwandishi wa kujitegemea. Kila tangazo ninaloliona linataka viungo vya makala nilizokwisha kuchapisha, nami sina hata moja. Rafiki yangu ananishauri niandike bure mwaka mzima kwanza ili nijulikane. Je, hakuna njia nyingine?"

Dada yangu, ipo. Ila kabla sijakuonyesha, naomba nikupitishe upande wa pili wa meza, maana nilikaa huko miaka tisa nikiwa mhariri wa makala kabla ya kurudi kuandika kwa kujitegemea. Naamini kinachokukwamisha ni kutojua mhariri anatafuta nini hasa anapodai viungo hivyo.

Mhariri ana nafasi ya kujaza na siku ya kuijaza. Akimpa kazi mtu asiyemjua, hulala na wasiwasi. Makala italetwa kweli? Italetwa kwa wakati? Na ikiletwa, itakuwa ya kusahihisha kidogo au ya kuandika upya usiku kucha? Viungo vya makala za zamani ni njia ya haraka ya kupunguza wasiwasi huo, basi. Tena si njia nzuri sana. Makala iliyochapishwa imekwisha kupita kwenye mikono ya mhariri mwingine, na anayeisoma hawezi kujua aya ipi ni ya mwandishi na ipi iliokolewa. Nakumbuka mwandishi aliyenijia na viungo kumi na viwili vya kuvutia. Rasimu yake ya kwanza ilipofika, nilitumia siku mbili kuifanya isomeke. Nakumbuka pia mkunga mstaafu aliyeniletea kurasa tatu ambazo hazijawahi kutoka popote. Nilibadilisha maneno sita tu. Akatuandikia miaka minne.

Kwa hiyo tangazo likisema "tuma viungo vya kazi zako", wewe lisome kama "tuonyeshe kwamba unaweza". Hilo unaweza kulijibu leo, bila kuchapishwa, kwa sampuli.

Sampuli ni makala kamili uliyoiandika kana kwamba umeagizwa. Chagua jarida au tovuti unayotaka kuiandikia, kisha usome makala zake kumi za karibuni ukiwa na kalamu mkononi. Zina maneno mangapi? Zinaanza na kisa au na hoja? Wamehojiwa watu wangapi? Zinazungumza na msomaji ana kwa ana, au kwa mbali? Andika ya kwako kwa kipimo hicho hicho, na uhoji watu halisi, kwa sababu kuhoji ndiko kunakowashinda wengi wanaoanza. Ukimpigia mtaalamu simu, mwambie ukweli kwamba unaandaa makala na bado hujapata wa kuichapisha. Baadhi watakataa. Watakaokubali ni wengi kuliko unavyodhani, kwa kuwa watu hupenda kuulizwa habari za kazi yao na mtu aliyejiandaa.

Sampuli mbili zinatosha kuanzia, na ya tatu ikiwepo si vibaya. Ziweke kwenye ukurasa rahisi wa intaneti wenye jina lako, mistari miwili ya kueleza wewe ni nani, na anwani ya barua pepe. Usiombe radhi kwamba hazijachapishwa, wala usidanganye kwamba zimechapishwa. Kabla hazijatoka, mpe mtu azisome kwa sauti mbele yako; pale ulimi wake unapojikwaa, sentensi ndiyo yenye kasoro. Na ziwe za aina ya kazi unayoitafuta. Anayetaka mwandishi wa maelezo ya bidhaa hatashawishiwa na shairi, hata likiwa zuri namna gani.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo swali lako limelipita haraka mno. Umetaja miaka saba ya kutunza stoo ya dawa kama mtu anayeeleza kwa nini hastahili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Uandishi umejaa watu wanaojua kuandika vizuri na hawana kitu kingine wanachokijua kwa undani. Hao wote hutaka kuandika kuhusu safari, mapenzi na mafanikio, na mhariri ana mapendekezo ya namna hiyo hadi hajui ayaweke wapi. Wewe unajua mambo ambayo ingewachukua miezi kuyajifunza.

Chukua mfano wa chanjo. Karibu kila mtu anajua kwamba chanjo huharibiwa na joto. Wewe unajua zaidi ya hapo. Unajua kwamba nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kwamba zile zenye chumvi ya alumini ndani yake, kama ya pepopunda na ya homa ya ini aina B, huharibika zikiganda hata mara moja, na zikishayeyuka mtu asiye na uzoefu anaweza asione tofauti. Unajua jaribio la kutikisa: unachukua kichupa unachokishuku, na kingine cha aina na toleo lile lile ulichokigandisha makusudi kisha ukakiacha kiyeyuke, unavitikisa pamoja, halafu unaangalia kama mashapo ya kile cha kwanza yanatuama haraka sawa na ya mwenzake. Unajua pia kwa nini dawa hutolewa stoo kwa kufuata tarehe ya kuisha muda, na si kwa kufuata siku iliyoingia. Kwako hayo ni mambo ya Jumatatu asubuhi. Kwa msomaji ni habari mpya, na kwa mhariri ni makala.

Wanunuzi wa ujuzi huo wapo. Kuna majarida ya wafamasia na wauguzi, kampuni zinazouza majokofu na vipima joto, watengenezaji wa programu za stoo, na mashirika ya afya yanayohitaji vijitabu vya mafunzo. Hata kurasa za afya za magazeti ya kawaida zitakupokea, ukiligeuza jambo limguse mzazi anayempeleka mtoto kliniki. Magazeti ndiyo yenye jina kubwa, na ndiyo yenye foleni ndefu. Kwa uzoefu wangu, majarida ya kitaaluma na kampuni hupokea mapendekezo machache, hulipa kwa utaratibu mzuri zaidi, na hayajali sana umetoka wapi, ilimradi hayatalazimika kukueleza maana ya kila neno la fani. Wanaoanza wengi hawaendi huko kwa sababu hakuna sifa mtaani. Mimi ningeanzia huko bila kusita.

Ila uwe mwangalifu na mwajiri wako. Soma mkataba wako wa kazi uone kama unaruhusu kazi za nje, na usiandike jambo ulilolijua kwa sababu tu alikuamini nalo. Ujuzi wa fani ni wako; hesabu na matatizo ya stoo yake ni yake.

Baada ya sampuli ni barua ya pendekezo. Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza kusomwa na mhariri, na kwa waombaji wengi ndiyo ya mwisho, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Barua nilizokuwa nikizipokea kutoka kwa wanaoanza zilifanana na hii:

"Mheshimiwa Mhariri, nimependa kuandika tangu utotoni na ninaomba nafasi ya kuandika makala za afya kwenye jarida lenu tukufu. Ingawa sijawahi kuchapishwa, ninajifunza haraka na niko tayari kuandika chochote mtakachonipa."

Ina adabu barua hii, lakini haina makala. Inamwachia mhariri kazi ya kufikiria wazo, na tena inamkumbusha wasiwasi wake kabla hajaukumbuka mwenyewe. Sasa linganisha na hii, niliyoitunga kutokana na yale uliyoniambia:

"Ndugu Mhariri, habari za kazi. Duka la dawa likiweka chanjo kwenye jokofu la nyumbani, hofu ya kwanza huwa ni joto. Lakini chanjo ya pepopunda iliyoganda usiku mmoja karibu na ukuta wa nyuma wa jokofu huharibika, na asubuhi ikiyeyuka huonekana nzima. Napendekeza makala ya maneno 900 kwa safu yenu ya utunzaji wa dawa, itakayoeleza sehemu za jokofu zinazogandisha, namna ya kusoma kumbukumbu za joto, na namna ya kufanya jaribio la kutikisa hatua kwa hatua. Nitamhoji fundi wa majokofu ya dawa na mfamasia anayesimamia stoo. Mimi nimetunza stoo ya dawa kwa miaka saba. Naweza kuileta makala siku kumi baada ya kukubaliana. Sampuli za uandishi wangu ziko kwenye kiungo kilicho hapa chini."

Angalia kilichokosekana: hakuna mahali palipoandikwa kwamba hujawahi kuchapishwa. Hakuna aliyeuliza. Wazo limetangulia, likafuatwa na umbo lake, watu watakaohojiwa, siku ya kuileta, na wewe ukaja mwishoni kwa sentensi moja. Mhariri akimaliza kuisoma anaiona makala ikiwa ukurasani. Wasiwasi wake wa siku ya kuletewa umejibiwa. Wasiwasi wa ubora atautafutia jibu kwenye sampuli zako, na safari hii atakuwa anazifungua akitamani ziwe nzuri.

Barua isizidi urefu huo. Tafuta jina la mhariri wa safu husika, usitume kwenye anwani ya jumla kama kuna nyingine. Chapisho likiwa na maelekezo yake kwa waandishi, yafuate neno kwa neno. Wazo moja kwa barua moja. Makala za kuripoti hupendekezwa kabla hazijaandikwa, kwa kuwa mhariri huenda akataka zielekezwe kwingine. Insha za maisha yako mwenyewe kwa kawaida hutumwa zikiwa kamili, maana uzuri wake uko kwenye namna zilivyoandikwa. Zikipita wiki mbili bila jibu, tuma mstari mmoja wa kukumbushia kwa upole. Kimya kikiendelea, lipeleke wazo kwingine, lakini kwanza likate upya limfae msomaji wa huko. Weka daftari la tarehe, wazo na mahali ulikotuma. Mapendekezo yangu ya mwaka wa kwanza mengi yalikataliwa au hayakujibiwa kabisa, na daftari ndilo lililonisaidia kuona kwamba yaliyokubaliwa yote yalikuwa ya fani niliyoijua kwa karibu.

Nije kwa rafiki yako. Anakutakia mema, lakini ushauri wake siukubali. Kuandika bure mwaka mzima hakumwondolei mhariri wasiwasi hata chembe kuliko sampuli mbili safi, na kunakuzoesha kujihesabu kuwa wa bei ya sifuri. Wanaokuomba kazi ya bure kwa ahadi ya kujulikana mara nyingi hawana wasomaji wa kukufanya ujulikane. Ipo nafasi ya kuandika bila malipo pale unapochagua mwenyewe: jarida dogo la chama chako cha kazi, au shirika unaloliamini, mara moja au mbili, jina lako likiwekwa juu ya makala na wewe ukipata mhariri wa kukusahihisha. Hiyo ni zawadi, nayo hupangiwa mwisho wake kabla ya kuanza.

Usichanganye na kazi ya majaribio. Kampuni kukuomba aya chache ili ione unavyoandika si ajabu. Kukuomba makala nzima ya maneno 1,000, kuhusu mada ambayo ni wazi inaihitaji wiki hii, bila malipo, ni kutaka kazi ya bure. Jibu kwamba uko tayari kufanya jaribio la kulipwa, au uielekeze kwenye sampuli zako. Na anayekutaka ulipe ada ya kusajiliwa ili upewe kazi za kuandika, au anayekutumia hundi iliyozidi na kukuomba umrudishie chenji, ni tapeli. Mwache hapo hapo.

Kuhusu fedha na haki, mambo ni machache lakini yana uzito. Kabla hujaandika neno la kwanza la kazi uliyoagizwa, pata kwa maandishi, hata kama ni kwa barua pepe: idadi ya maneno, siku ya kuleta, kiasi cha malipo, siku ya kulipwa, mara ngapi utaombwa kurekebisha bila nyongeza, na utalipwa nini kama watabadili nia baada ya wewe kuimaliza. Uliza pia kama malipo hutoka makala inapokubaliwa au inapochapishwa. Tofauti hiyo inaweza kuwa ya miezi. Jiji la New York liliona tatizo la waandishi na wenzao kutolipwa ni kubwa kiasi cha kulitungia sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2017: kazi ya kujitegemea ya kuanzia dola 800 lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama mkataba hautaji siku, malipo yatoke ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika. Mahali pengi hakuna ulinzi wa namna hiyo, kwa hiyo barua pepe yako ndiyo ulinzi wako.

Haki ya kuinakili makala ni mali yako tangu unapoiandika. Nchi nyingi zimejiunga na Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki yaliyosainiwa mwaka 1886, ambao kwa utaratibu wake wa leo hautaki usajili wowote ili hakimiliki iwepo. Kwa hiyo mkataba wa kazi ndio unaoamua unatoa nini. Kuruhusu chapisho liitoe makala mara ya kwanza ni jambo moja. Kuuza haki zote, ili waitumie milele kwa namna yoyote, ni jambo jingine kabisa, na bei zake hazipaswi kufanana. Waandishi wa kujitegemea wa Marekani walifika hadi Mahakama ya Juu kwa ajili ya tofauti hiyo. Mwaka 2001, katika kesi ya New York Times dhidi ya Tasini, mahakama iliamua kwamba wachapishaji hawakuwa na haki ya kuziingiza makala za waandishi hao kwenye hifadhi za kielektroniki bila idhini yao. Siku hizi wachapishaji wengi huidai haki hiyo kwenye mikataba yenyewe, ndiyo maana nakusihi usome kila mstari. Kazi utakayoiandikia kampuni bila jina lako kuonekana inakubalika, bali uliza kabla kama unaruhusiwa kuionyesha kwa wateja wengine. Ukikatazwa, bei iongezeke.

Utakutana pia na ushauri wa kuandikiwa sampuli na barua na programu za akili bandia. Usifanye hivyo. Masanduku ya wahariri yamejaa barua zinazolingana sauti, laini na zisizo na kitu ndani, na wengi sasa huuliza wazi kama maandishi ni yako. Kichupa kinachotikiswa mbele ya mwanga ni chako, na hicho ndicho kinachomfanya mhariri aache kupekua.

Ukipata kazi ya kwanza, ilete siku moja kabla. Ikiombwa ya maneno 900, iwe kati ya 870 na 930. Hakiki herufi za kila jina na kila cheo, na uambatanishe orodha ya uliowahoji pamoja na mahali ulikopata kila takwimu, hata kama hukuombwa. Mhariri akirudisha makala ina alama za kusahihisha, tengeneza kisha ushukuru. Unapobishana, bishana kwa ajili ya ukweli wa jambo, si kwa ajili ya sentensi uliyoipenda. Na siku ile ile anapokujibu kwamba amekubali, mpelekee wazo la pili. Hapo ndipo wengi wanapolegea. Husherehekea, wakasubiri kuitwa, na mhariri akasahau. Wazo la pili kwa mtu aliyekwisha kukuamini hupita kwa urahisi kuliko la kwanza kwa wageni ishirini, na waandishi wa kujitegemea ninaowajua wanaoishi kwa kalamu wana wateja wanne au watano wanaorudi kila mara.

Usisubiri tangazo jipya. Anza na ile sampuli ya jokofu wiki hii, maneno 900. Sehemu ya stoo unaijua tayari. Usichokijua ni kwa nini ukuta wa nyuma hugandisha hata kipima joto cha mlangoni kikionyesha nyuzi 5. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kumpigia simu ni fundi wa majokofu.